Jina la Muuaji: "Kijiti" na Gharama ya Kuwa Shahidi

Miongoni mwa nyimbo za Siti binti Saad umo mmoja unaojulikana kwa jina la mtu aliyeua. Ni "Kijiti". Unasimulia kisa kilichotokea kweli Unguja katika zama za utawala wa Waingereza: mwanamke kutoka Dar es Salaam amefika kisiwani ugenini, anatoka na wenzake kwenda kustarehe, Kijiti anamchukua, anamwingilia kwa nguvu na kumuua, naye alikuwa mjamzito. Muuaji anatorokea bara. Kesi inafika kortini, na wanaoishia gerezani ni wanawake waliofuatana na marehemu, wale wale waliosimama kueleza waliyoyajua.

Wimbo huu nimeusikia zaidi kwa sauti ya Bi Kidude, aliyeuimba hadi uzeeni, na kila niusikiapo kinachonishika ni hukumu kuliko mauaji yenyewe. Fasihi ya Kiswahili haina uhaba wa wanawake waliopigwa, waliobakwa, waliofukuzwa usiku au waliouawa. Anayetaka kuwahesabu atachoka kabla hajamaliza rafu ya kwanza. Uhaba uliopo ni wa kazi zinazowageukia waliokuwapo: jirani aliyesikia, mzazi aliyemrudisha binti kwa mumewe, hakimu aliyeandika hukumu. Wimbo wa Siti unawageukia. Nakusudia kuusoma kwa jicho hilo, kisha nizitazame kwa jicho hilo hilo riwaya tatu ambazo wengi wetu tulizisoma darasani au kwa kificho. Swali la kwa nini ukatili dhidi ya wanawake umekuwa jambo la kila siku halijibiwi kwa kumchungulia mpigaji peke yake. Mpigaji hapigi jangwani.

Swali hili sikulianza peke yangu. Ninaishi Kenmore, mahali ambapo sheria ya jimbo la New York hupaita kijiji ingawa hapana shamba wala mbuzi, bali nyumba zilizobanana kaskazini mwa Buffalo na barabara ya Delaware ikipita katikati. Tuna kikundi kidogo cha wasomaji hapa, na wenzetu wa Louisville na Columbus hujiunga kwa simu. Wengi ni wanawake wa Kivu waliopitia kambi za Tanzania, Burundi au Uganda. Wachache tumetoka pwani. Jioni tuliyousikiliza "Kijiti" nilitarajia tuzungumze muziki. Mama mmoja wa Louisville, mzaliwa wa Uvira, alikaa kimya kirefu kisha akasema, "Huu wimbo unatuambia tusitoke." Mwenzake wa hapa Buffalo akamjibu, "Hapana, mama. Unatuambia tusiende kusema." Nimekaa na majibu hayo mawili kwa miezi kadhaa.

Tuanze na wimbo wenyewe. Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo uliobeba historia ya utumwa, na kabla ya kuwa mwimbaji alitembeza vyungu mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Lakini nyimbo zake hazikutungiwa santuri. Zilipikwa nyumbani kwake Ng'ambo, katika mazungumzo ya wanamuziki na majirani, kutokana na habari zilizokuwa midomoni mwa watu wiki ile. Wengi wa wasikilizaji wake walikuwa watu wa Ng'ambo kama yeye, watu ambao korti ya mkoloni waliijua kwa kupelekwa, si kwa kuikimbilia. Kwa hadhira ya namna hiyo wimbo ulikuwa rufaa pekee iliyopatikana.

Namna wimbo unavyomchora hakimu ni jambo ambalo wahakiki wa taarab hawajalitilia uzito unaostahili. Anaonyeshwa akiwa ameketi kitini, amekasirika, na hasira yake haimwendei aliyeua. Inawaendea mashahidi. Anawatukana kwa tusi la Kiingereza, tusi ambalo mtunzi amelitia katika mizani ya shairi kama alivyolisikia, kisha anaahidi kuwafunga. Msikilizaji wa Ng'ambo hakuhitaji tafsiri. Tusi lile ndilo Kiingereza pekee lililotoka kortini likarudi mtaani, na utunzi umelihifadhi kwa takriban miaka mia moja. Wanawake wawili waliofungwa wimbo unawataja kwa majina. Kijiti anatajwa kwa jina. Aliyekufa tunamjua kama mgeni tu.

Mpangilio huu wa majina ndio uliotugawanya Kenmore. Mama wa Louisville alisikia onyo: mgeni alitoka usiku na watu asiowajua vizuri, palikuwa na ulevi, akafa. Usomaji huu si wa kudharauliwa. Wimbo wenyewe unauruhusu, na yumkini wapo wasikilizaji wa wakati ule walioondoka barazani wakiwakataza binti zao ngoma. Mtunzi hakumtetea marehemu kwa kusema kwamba kutoka si kosa. Hilo ni pengo, na sioni sababu ya kulifunika kwa heshima tuliyo nayo kwa Siti. Hata hivyo onyo huhitaji kumfanya mhanga kuwa kiini cha habari, na wimbo huu haufanyi hivyo. Unamweka Kijiti penye vitenzi. Yeye ndiye achukuaye, auaye, akimbiaye.

Hili la vitenzi ni kubwa kuliko linavyoonekana, na wasomaji wa jarida hili watanivumilia nikikaa nalo kidogo. Sarufi yetu imetuzoeza mapema: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye kichwa cha habari cha gazeti lolote la leo: mwanamke auawa, msichana abakwa, mjamzito apigwa. Sentensi imekamilika na mtendaji hayumo. Penye mtendaji, lugha humpa kitenzi cha heshima. Mume amemrudi mkewe, amemtia adabu, amemfunza. Kijana hakubaka, "amemharibu" binti, kana kwamba binti ni chombo na hasara ni ya mwenye chombo. Majirani hawakusikia kipigo, walisikia "ugomvi", na ugomvi ni wa wawili. Hata istilahi tunayoitumia sasa, ukatili wa kijinsia Tanzania na dhuluma za kijinsia Kenya, ina kasoro hiyo hiyo ya kutokuwa na mtu ndani yake. Siidharau. Imewapa wanawake wengi neno la kutamka mbele ya afisa bila kuvua nguo kwa ulimi. Ila ni neno la ofisi, na ofisini mtu anaweza kuingia na kutoka bila jina la Kijiti kutajwa.

Takwimu nazo zina usemi wake. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015–2016 ulikuta kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Kenya, utafiti wa aina hiyo wa 2022 ulipata asilimia 34. Kongo, wa 2013–2014, asilimia 52. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba duniani kote mwanamke mmoja kati ya watatu amepigwa au kuingiliwa kwa nguvu maishani mwake, kwa hiyo asidhani mtu kwamba natoa siri za waswahili mbele ya wageni. Ila katika utafiti ule wa Tanzania imo tarakimu nyingine ambayo mhakiki hawezi kuipita. Watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akiwatelekeza watoto, au akimnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40.

Wapo wanaoisoma tofauti hii na kusema kwamba wanawake wenyewe wanapenda. Ni usomaji wa juujuu, kama wa mtu anayesoma shairi bila kuuliza nani anasema na anamwambia nani. Mwanamke anayejibu swali hilo hatoi ridhaa, anaeleza sheria ya nyumba anamoishi. Anaijua kifungu kwa kifungu kwa sababu kutoijua humgharimu meno. Mwanamume hana haja ya kuikariri sheria isiyomhukumu.

Nikiitazama orodha ile ya makosa matano, chakula, ubishi, kutoka, watoto, kitanda, naukumbuka utenzi ambao Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake karibu na mwaka 1858. Umesomwa kama hati ya utii, na baadhi ya wahakiki wa kizazi chetu wameukasirikia kwa sababu hiyo. Mimi nausoma kama maneno ya mama mgonjwa anayemwachia binti ramani ya nyumba ya watu: hapa pana ngazi, hapa pana shimo. Ramani haisifu shimo. Tatizo ni kwamba kwa zaidi ya karne moja na nusu tumeichapa ramani hiyo tena na tena, tukaifundisha kwa uzuri wa vina vyake, na shimo likabaki palepale.

Mwaka 1971 kulitokea mambo mawili Tanzania ambayo sijaona yakitajwa pamoja. Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka huo, ambayo kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Na Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Sheria ilisema kipigo cha ndoa si haki. Riwaya ilionyesha kipigo kilivyo. Sheria haikuguswa. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni.

Sababu iliyotolewa ilikuwa maadili: ngono, utoaji mimba, lugha ya waziwazi. Lakini tukumbuke riwaya inaanzia wapi. Inaanzia katika nyumba ya Zakaria, mwalimu wa zamani aliyezama katika pombe, huko Ukerewe. Mkewe Regina anapigwa, na binti yake Rosa anapigwa vibaya kwa kosa la kupokea barua ya mvulana. Yote yanayofuata, woga wake wa wanaume na kisha kujitupa kwao, masomo, mimba, hadi kifo chake kwa mkono wake mwenyewe, Kezilahabi anayafunga kwenye usiku ule wa barua. Kwa maneno mengine, riwaya ilikuwa shahidi aliyesimama na kusema: nilikuwapo, nilimwona baba akipiga. Shahidi huyo akafungiwa nje ya madarasa, na baba akaendelea kuwa kichwa cha nyumba. Baadaye kitabu kilirudi shuleni kikawa cha kutahiniwa, na vizazi vya wanafunzi vikajibu maswali kuhusu "anguko la Rosa". Nami niliwahi kulijibu swali hilo, kwa ukurasa mmoja na nusu, bila kumtaja Zakaria zaidi ya mara moja. Nilipata alama nzuri.

Kosa si la watahini peke yao. Kezilahabi aliyeona chanzo kwa uwazi kiasi hicho anatumia sehemu kubwa ya kitabu akimfuata Rosa, si Zakaria. Macho yetu yanazoeshwa kumpeleleza binti. Charles, mchumba anayemkataa alipogundua kwamba si bikira, ni hakimu mwingine wa aina ya yule wa Unguja: mbele yake analetwa aliyedhurika naye anauliza kuhusu mwenendo wake. Tofauti ni kwamba Siti alimketisha hakimu wake kitini ili tumwone akikasirika, ilhali Charles anapita kama kijana aliyevunjika moyo, na msomaji asiye mwangalifu humhurumia. Regina naye, mke aliyeona yote kwa miaka, hapewi nafasi ya kusema kwa urefu hata mara moja. Hapo ndipo natamani riwaya ingekaa zaidi.

Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) anakwenda mbele hatua moja. Bwana Maksuudi ni tajiri na mwanasiasa, mtu wa heshima zake barazani na dhalimu nyumbani. Tamima anapigwa na kuachwa katika saa za uchungu wa uzazi, na Maimuna, bintiye, anayefungiwa ndani, anatoroka na kuishia katika ulevi na danguro mjini. Jambo jipya ni kwamba waliokuwapo hawanyamazi. Biti Kocho, mtumishi wa nyumba, anamsaidia Maimuna kutoka. Bi Farashuu, ambaye bintiye mwenyewe maisha yake yaliharibiwa na Maksuudi, anajibu kwa njama iliyopikwa polepole kwa miaka. Mashahidi wa Utengano wamekwisha kujua kwamba kortini si kwao, kwa hiyo wanatumia silaha zilizo jikoni: hila, subira, siri. Riwaya inaifurahia njama hiyo, nami niliifurahia nilipokuwa kijana. Nikiisoma sasa naona bili ilivyolipwa. Njama inapita juu ya mwili wa Kazija, kijana mwingine wa kike, anayetumwa kumnasa Maksuudi. Na aliyesaidiwa kutoroka anaachwa barabarani bila mahali pa kufikia. Ushahidi uliogeuzwa kisasi umewatumia wanawake kama kuni.

Ndiyo maana katika hizi tatu naipa uzito Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999), ingawa kwa kawaida husomwa kama riwaya ya siasa za ukombozi. Yasmin, msichana wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri kwa mbali sana. Anamkimbia. Anakwenda kwa mjomba wake anafukuzwa, kwa sababu ameiaibisha familia. Anayemfungulia mlango ni Mwajuma, Mwafrika, maskini, mwenye chumba Ng'ambo. Mwajuma hatoi hotuba. Anampa mahali pa kulala, na riwaya nzima inawezekana kwa sababu ya kitanda hicho. Sheria ya Tanzania Bara, ile ile ya 1971 iliyokataza viboko, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo 2019. Mwajuma hakuwa na haja ya kungoja rufani. Na iko maana katika mtaa aliouchagua Shafi: ni Ng'ambo ile ile ambako "Kijiti" kilitungwa.

Kwa hiyo tunao mashahidi wa aina kadhaa. Wapo waliosema wakafungwa; yupo aliyeona akanyamazishwa na mwandishi wake; wapo waliogeuza walichokiona kuwa kisasi; na yupo aliyefungua mlango. Nilipowapa wenzangu wa kikundi mgawanyo huu nilidhani nimefika. Mama wa Buffalo aliuharibu kwa swali moja: "Na mtoto je?"

Alieleza maana yake. Katika nyumba nyingi za wakimbizi, mtoto anayesoma shule ya hapa ndiye mwenye Kiingereza. Polisi wanapobisha hodi usiku, baba, aliyekwisha fanya kazi kiwandani au ghalani miaka miwili mitatu, ana maneno ya kutosha kusema kwamba hakuna tatizo. Mama hana. Mtoto anaitwa atafsiri. Anasimama sebuleni kati ya watu watatu wakubwa, na kila neno analochagua litamhukumu mzazi mmoja. Yeye ni shahidi na mkalimani kwa pamoja, na kesho yake atakunywa chai na wote wawili. Utaratibu wa kutumia mkalimani wa simu upo, lakini nao una mitego yake. Mwanamke wa Bukavu anaposema kwamba "bibi" wa fulani amepigwa, anasema mke. Mkalimani aliyelelewa Tanga au Mombasa anaweza kusikia nyanya. Tulicheka tulipofika hapo, kisha tukaacha kucheka.

Kwa nini mama hasemi mwenyewe, kwa lugha yoyote? Jibu la haraka ni utamaduni, na ni jibu ninalolishuku kwa sababu linamaliza mazungumzo. Wanawake wa kikundi hawakulitaja. Walitaja mambo yanayohesabika. Kodi ya nyumba iko kwa jina la mume. Mahari ilipokewa na kaka ambao sasa wako Nyarugusu na hawana cha kurudisha. Kikao cha familia hufanyika kwa simu, wajomba wakiwa Uvira na wachungaji wakiwa Columbus, na kikao hicho kina lengo moja, kurudisha amani, yaani kumrudisha mke. Yule atakayepiga simu polisi ataambiwa kwamba amempeleka Mwafrika gerezani katika nchi ya watu. Na wapo wanaume wanaowaambia wake zao kwamba wakisema watarudishwa Afrika, ingawa mwanamke aliyeingia Marekani kama mkimbizi ana hadhi yake na hapokonywi kwa kuachana na mumewe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake iliwapa hata wake wasiokuwa wakimbizi, walioolewa na raia au wakazi wa kudumu, njia ya kuomba karatasi zao bila mume. Sheria ipo. Asiyeielezwa kwa lugha yake ni kama hana.

Liko pia jambo ambalo wanawake wa Kivu walilisema polepole. Dunia iliwasikiliza kuhusu ubakaji wa vita. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, na Daktari Denis Mukwege aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, vimefanya jina la Kongo litajwe pamoja na maumivu hayo kila mahali. Katika mahojiano ya ukimbizi, mwanamke aliulizwa kuhusu mwenye bunduki, na akiweza kusema aliaminiwa. Kuhusu mwenye funguo za nyumba hakuulizwa. Mmoja alisema: "Wa msituni nilimsema nikapewa ndege. Wa nyumbani nikimsema nitapewa nini?" Sina jibu la kumpa kutoka katika riwaya yoyote niliyoisoma. Naingoja riwaya ya Kiswahili itakayoandikwa na yule mtoto wa sebuleni akikua.

Na asiambiwe mtu kwamba kusema kumekwisha kuwa rahisi huko nyumbani. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba, huko Endebess katika kaunti ya Trans Nzoia, mwanamume aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto. Alifariki Eldoret tarehe 5. Kulikuwa na mgogoro wa ardhi na nyumba aliyoijenga. Baba yake aliwaambia wanahabari kwamba malalamiko yalikuwa yamekwisha fikishwa polisi. Kabla yake alikuwa ameuawa Agnes Tirop, Iten, Oktoba 2021. Januari 2024 maelfu ya Wakenya walikuwa wameandamana mijini kupinga mauaji ya wanawake, na walibeba majina ya waliokufa. Kubeba majina ya waliokufa ni wajibu. Lakini angalieni jinsi kumbukumbu zetu zinavyofanya kazi: nimeandika aya hii nzima na jina la aliyewasha moto halikunijia mpaka nilipokwenda kulitafuta. Siti angelifanya kibwagizo.

Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walilielewa hili mapema. Chama chao, TAMWA, kilichoundwa 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti, na kilikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ile iliyokaza adhabu za ubakaji. Sheria hiyo nayo ilisita mlangoni: mume anayemlazimisha mkewe hakuitwa mbakaji, ila kama wametengana. Korti imefika hadi kizingiti cha chumba ikavua viatu, ikarudi.

Nilirudi kwa mama wa Louisville. Nilimweleza kwa simu yote niliyoyaandika hapa kuhusu hakimu, vitenzi na majina, nikijaribu kumshawishi kwamba wimbo haumwambii asitoke. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema kwamba yeye bado angemkataza binti yake kwenda ngomani na watu asiowajua, Siti au hapana Siti, na kwamba mtu akiishi na mvua hununua mwavuli, hangoji kwanza mbingu ziombe radhi. Kisha akaniomba niurudishe wimbo nyuma kidogo, pale hakimu anapowataja wale wanawake wawili. Alitaka ayasikie vizuri majina yao. Nikauweka tena, akayarudia mara mbili, polepole, akiuliza kama amepatia.